Mechi Inaweza Kungoja, Usingizi wa Mtoto Haungoji

Ni mimi tena muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama uko shambani unachuma majani chai, endelea kuchuma, masikio hayachumi.

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Leo nataka tuzungumze juu ya mpira. Najua kuna mama ameshasema, "Mpira ni mambo ya wanaume, mimi sina haja nao." Ngoja kidogo, mama. Zamani mpira ulikuwa uwanjani, au kwenye kibanda cha video pale sokoni, na kijana alilazimika kutoka nyumbani na kulipa kiingilio ili auone. Ukimkosa nyumbani, ulijua pa kumtafuta. Siku hizi mpira umeingia ndani ya simu yako. Simu ile unayopokelea pesa za maziwa na kupigia dada yako ndiyo uwanja wa mpira, na uwanja huo haufungwi usiku.

Nitawaeleza kisa kimoja. Nimeomba ruhusa ya mama mwenyewe, na nimeacha majina.

Mama huyu alikuja kliniki akitoka upande wa chini wa Embu, kule wanakolima ndengu. Alikuja na kijana wake wa miaka kumi na minne, gredi ya nane. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto ana ugonjwa wa damu. Analala darasani. Mwalimu ameniita mara mbili. Kichwa kinamuuma kila asubuhi, macho ni mekundu, na nikimtuma kitu ananijibu kwa hasira. Hakuwa hivi." Alikuwa tayari amemnunulia dawa ya minyoo kwenye duka la dawa, na vitamini juu yake. Hakuna kilichobadilika.

Tukampima. Malaria hakuna. Damu yake ilikuwa ya kutosha. Macho yalisoma vizuri ubao wa kupimia. Nikamwomba mama atupe nafasi kidogo, nikakaa na kijana. Sikumuuliza, "Una shida gani?" kwa maana vijana wa umri huo hujibu "Hakuna." Nilimuuliza tu, "Jana ulilala saa ngapi?"

Akaangalia sakafu. "Saa saba." Halafu akasema, "Siku nyingine saa nane."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Naangalia mpira."

"Kwa simu ya nani?"

"Ya mama."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mama anachoka, analala saa tatu. Simu inachajiwa karibu na kitanda. Kijana anajua namba ya siri kwa sababu ndiye anayemsomea mama ujumbe wa simu. Anaichukua polepole, anaingia nayo chini ya blanketi, anapunguza sauti. Mechi ikiisha, simu yenyewe inamletea nyingine: marudio ya mechi ya jana, mabao ya mwaka juzi, watu wanaobishana juu ya refa. Mama anaamka saa kumi na moja, anakuta simu pale pale alipoiacha.

Akina mama, kabla hatujamlaumu kijana, tufanye hesabu pamoja. Mechi za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huchezwa sana siku ya Jumanne na Jumatano. Kule kwao ni saa tatu usiku. Kwetu huwa ni saa nne usiku wakati wa kiangazi chao, na saa tano usiku wakati wa baridi yao. Mechi ya saa tano inaisha karibu saa saba. Sasa kama mtoto anaamka saa kumi na moja na robo ili afike shule, amebakiwa na saa ngapi? Saa nne na kidogo. Na mtoto wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na minane anahitaji kulala saa nane hadi kumi kila usiku. Amelala nusu ya usingizi wake. Ni kama kumpa nusu sahani ya githeri kila siku halafu ushangae anakonda.

Mashindano makubwa ni magumu zaidi. Ratiba ya Kombe la Dunia la mwaka 2026, kule Marekani, Kanada na Mexico, iliwekwa na mechi nyingine zinazoangukia kwetu usiku wa manane na alfajiri, kwa sababu jua lao na letu haliendi pamoja. Hilo si kosa la mtu. Lakini mwili wa mtoto wako unafuata saa za hapa kwetu, haufuati saa za kule mechi inakochezwa.

Kwa nini usingizi una maana hivyo? Mtoto anapolala, ubongo unapanga yale aliyojifunza mchana. Mwili unakua na kujitengeneza. Kinga yake dhidi ya magonjwa inapata nguvu. Mtoto asiyelala husahau haraka, hukasirika haraka, na hutaka vitu vya sukari ili achangamke. Na mama mwenye mtoto wa kifafa, nisikilize kwa makini: kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuleta mitukutiko hata kama anameza dawa vizuri. Mtoto huyo usimruhusu kukesha kwa ajili ya mechi, hata iwe fainali.

Tena kuna mwanga wa simu. Giza linapoingia, ubongo hutoa kemikali inayoitwa melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba sasa ni wakati wa kulala. Mwanga mkali ukiwa karibu na macho huichelewesha kemikali hiyo. Ongeza na msisimko wa mechi, penalti, kadi nyekundu. Ndiyo maana kijana akizima simu saa saba bado anagaagaa kitandani hadi saa nane.

Sasa tugeukie watoto wadogo. Hapa nitaanza na nyumba yangu mwenyewe, maana muuguzi naye ni mama.

Kuna wakati nilikuwa kwenye zamu ya usiku. Asubuhi nafika nyumbani nimechoka, na mwanangu wa miaka miwili anataka mchezo. Nilikuwa namwekea simu mbele yake, marudio ya mechi alizokuwa anaangalia baba yake, nami nalala pale kwenye kochi. Anatulia kabisa. Nikawa nasema, mtoto wangu ni mpole. Siku moja nikagundua kwamba amejua kusema "goo!" kabla hajajua kusema "maji". Tulicheka sana. Halafu usiku nikakaa nikafikiri: kwani yeye anaongea na nani mchana? Anaongea na simu, na simu haimjibu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mwongozo huo unasema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe kabisa video, iwe ya simu au ya televisheni. Wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Wa miaka miwili, mitatu na minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unataja usingizi: mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale saa 11 hadi 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana, na wa miaka mitatu hadi minne alale saa 10 hadi 13.

Mtoto mdogo hujifunza kuongea kwa kuangalia uso wako. Anasema "ba", nawe unasema "ba". Anaonyesha kuku, nawe unamwambia, "Ndiyo, kuku." Huo ndio mchezo wake, na wewe ndiwe mchezaji mwenzake. Kwa hiyo mama unayenyonyesha, ukiwa unaangalia marudio ya mechi huku mtoto ananyonya, mwangalie yeye pia. Anakutafuta kwa macho. Na wakati wa kula, weka simu mbali. Mtoto anayelishwa huku anaangalia video hufungua mdomo bila kujua anakula nini, na hajui kama ameshiba.

Haya, nikaacha zamu za kulaza mtoto na simu. Nikaongea na jirani, akawa anakaa naye saa mbili asubuhi nipate kulala, nami nachukua wake jioni. Si kila mama ana jirani kama huyo, najua. Lakini uliza. Usione haya kuomba msaada.

Turudi kwa yule kijana wa gredi ya nane, kwa sababu kisa hakikuishia kwa usingizi.

Mama aliporudi wiki iliyofuata alikuja na simu mkononi. Akaniambia, "Sista, nimeangalia. Nilikuwa nadhani ninakatwakatwa tu pesa." Alikuwa ameuza ndengu, akaweka pesa kwenye M-Pesa. Kila zikiingia zilikuwa zinapungua, kwa sababu Fuliza ilikuwa inajilipa deni ambalo yeye hakulikopa. Kijana alikuwa anabeti. Shilingi hamsini hapa, mia pale, halafu anafuta ujumbe. Alianza kwa sababu kila akifungua mechi kwenye kiungo cha bure alichotumiwa na rafiki, matangazo ya kubeti yalikuwa yanaruka mbele ya uso wake, mengine na picha za aibu ambazo mtoto hapaswi kuziona.

Mama huyo alilia pale kwenye benchi. Hakulia kwa sababu ya pesa peke yake. Alisema, "Nilikuwa nimelala hapo karibu naye."

Akina mama, sheria ya nchi yetu hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kubeti. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya ya michezo ya kubahatisha, ikatiwa saini mwezi wa Agosti mwaka huo. Lakini mtoto akitumia simu yako, kampuni inakuona wewe, mtu mzima mwenye kitambulisho. Mlinzi wa mlango ni wewe.

Na nitawapa jambo moja la kuwaeleza vijana, maana vijana hawapendi mahubiri lakini wanapenda kujua vitu vinavyofanya kazi. Mechi inayokuja kwa intaneti, hata ikiandikwa ni ya moja kwa moja, huchelewa nyuma ya uwanja kwa sekunde kadhaa, mara nyingine nusu dakika au zaidi. Ndiyo sababu jirani mwenye dishi anapiga kelele ya goli kabla simu yako haijaonyesha chochote. Sasa kijana anayebeti wakati mechi inaendelea, akidhani anaona kinachotokea, anabeti juu ya jambo ambalo limeshapita. Wenye kampuni wana habari za uwanjani mapema kuliko yeye. Huo si mchezo wa bahati sawa. Yule kijana nilipomweleza hivyo alinyamaza muda, halafu akasema, "Kumbe ndiyo maana."

Kuna jambo jingine la huku kwetu ambalo lazima tuliseme bila kuficha. Miraa ya Meru na muguka ya Embu zinasomesha watoto wengi, na sitakuja hapa kutukana shamba la mtu. Lakini vijana wetu wengine wanatafuna ili wasilale mechi ziishe. Muguka na miraa zinaondoa usingizi, zinaondoa hamu ya kula na zinafanya moyo uende mbio. Asubuhi deni la usingizi linabaki pale pale, na kijana anatafuta tena cha kumwamsha. Mtoto asitafune, hata kama yeye ndiye aliyesaidia kuchuma.

Na wazee wetu je? Mama unayemtunza baba mkwe mwenye presha au ugonjwa wa moyo, sikiliza hili. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 kule Ujerumani, madaktari wa sehemu ya Munich walihesabu watu waliopatwa na dharura za moyo. Siku timu ya Ujerumani ilipocheza, dharura hizo ziliongezeka zaidi ya mara mbili, hasa kwa wale waliokuwa na ugonjwa wa moyo tayari. Simaanishi umnyime mzee mpira. Maana yangu ni ameze dawa zake kwa wakati siku ya mechi, asinywe pombe, asikae na njaa, na akisema kifua kinambana, maumivu yanaenda begani au anatoka jasho baridi, usingoje filimbi ya mwisho. Mpeleke hospitali mara moja.

Tena niseme kwa sauti ya chini lakini niseme. Watafiti wa Uingereza waliangalia taarifa za polisi wa Lancashire kwa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Timu ya Uingereza ilipofungwa na kutolewa, taarifa za ugomvi wa nyumbani zilipanda kwa asilimia 38. Iliposhinda au kutoka sare pia zilipanda, kwa asilimia 26. Kwa hiyo si kufungwa peke yake. Pombe ikichanganyika na hasira na pesa zilizopotea, mama na watoto ndio wanaoumia. Mpira haumpi mtu ruhusa ya kukupiga. Ukipigwa, piga simu 1195, ni bure. Kama ni mtoto anayeumizwa, piga 116. Na njoo kituo cha afya, utatibiwa na kusikilizwa.

Sasa mama mwingine anauliza, "Sista, basi tuzime simu zote, tuharamishe mpira?" Hapana. Mimi mwenyewe napenda kuangalia michezo. Tarehe 12 Oktoba 2019 ilikuwa Jumamosi asubuhi, na watu walikusanyika mbele ya simu na televisheni kumtazama Eliud Kipchoge akikimbia kule Vienna. Alimaliza kilomita 42 kwa saa moja, dakika 59 na sekunde 40. Tarehe 26 Juni 2025 Faith Kipyegon alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne kule Paris. Hakufikia, alipata dakika 4 na sekunde 6.42, lakini hakuna mwanamke aliyewahi kukimbia maili kwa kasi hiyo. Naye ni mama kama wewe. Alizaa mwaka 2018, akarudi mazoezini, na mwaka 2021 akachukua tena dhahabu ya Olimpiki kule Tokyo. Msichana akiona hivyo akiwa ameketi karibu na mama yake, anajifunza kitu ambacho mimi siwezi kumfundisha kliniki.

Na mwezi wa Agosti 2025, Harambee Stars walipocheza CHAN hapa nyumbani na kuifunga Morocco bao moja kwa bila pale Kasarani, hata sisi zamu ya mchana tulishangilia. Walipotolewa na Madagascar kwa penalti, watoto walilia. Mtoto kulia kwa sababu timu imefungwa, halafu mama akamshika bega na kumwambia kesho ni siku nyingine, hiyo pia ni malezi. Shida inaanza pale mtoto anapoangalia peke yake, usiku, kwa siri, bila mwisho.

Basi tufanye nini? Nitawaambia tulichokubaliana na yule mama na kijana wake, kisha mchukue linalowafaa.

Kwanza, simu ilipewa mahali pa kulala. Saa mbili na nusu usiku inaingia kwenye kabati la mama, na inachajiwa mchana. Usichaji simu kitandani wala chini ya mto, inaweza kupata moto. Mama alibadilisha namba ya siri ya simu na ile ya M-Pesa, na hakuwaambia watoto.

Pili, walipatana juu ya marudio. Hili ndilo lililomsaidia kijana zaidi. Mechi ya saa tano usiku haipotei. Kesho yake muhtasari wa mabao yote unapatikana, na kwa kawaida unachukua dakika kama kumi hivi. Kijana anauangalia saa kumi na mbili jioni baada ya kazi za shule na kuchota maji, sebuleni, mama akiwepo. Malalamiko yake yalikuwa, "Wenzangu wataniambia matokeo kabla sijaona." Mama akamjibu, "Sasa ukijua matokeo, goli litakuwa baya?" Akacheka.

Tatu, walichagua mechi za moja kwa moja zinazofaa. Mechi nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza za Jumamosi huchezwa kwetu kati ya alasiri na jioni. Hizo anaweza kuangalia moja wikendi, na kesho yake si siku ya shule. Mechi ya katikati ya wiki usiku, hapana.

Nne, waliacha viungo vya bure vya kutumiwa na marafiki. Kama familia ina uwezo wa kulipia, tumieni huduma halali. Kama haina, kuna mechi zinazoonyeshwa bure kwenye televisheni ya taifa, na redio bado inatangaza mpira vizuri kabisa. Tena angalia bando. Saa moja ya video kwa picha ya kawaida inaweza kumeza hadi GB moja, na picha safi sana inaweza kufika GB tatu. Hiyo ni pesa ya mboga.

Tano, mpira ulirudishwa uwanjani. Kijana anacheza jioni na wenzake, dakika sitini. Mtoto anayecheza nje juani hupata mazoezi, macho yake yanapumzika kutoka kwa vitu vya karibu, na usiku usingizi unakuja wenyewe.

Sita, na hili ni letu wazazi: baba pia alikubali kutoangalia simu kitandani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto hafuati tunalosema, anafuata tunalofanya. Huwezi kumwambia mtoto alale ilhali chumba chako kinatoa sauti ya mtangazaji hadi saa saba.

Je, ilifanya kazi? Nitakuwa mkweli. Wiki ya kwanza kijana alikuwa mkali kama nyuki. Wiki ya tatu akapata simu ya binamu yake na akakesha na mechi moja. Mama aligundua asubuhi kwa macho yake. Hakumpiga. Alimwambia tu, "Nimeona. Leo tunaanza tena." Baada ya miezi miwili walikuja kwangu na mdogo wake aliyekuwa na kikohozi. Nikamuuliza kijana, "Mwalimu anasemaje?" Akasema, "Hanifinyi tena niamke." Deni la Fuliza lilikuwa bado linalipwa kidogo kidogo.

Mama, kabla sijaondoka, jambo moja la kukumbuka. Usimalize kwa kusema tu kwamba mtoto wako amechoka kwa sababu ya simu. Mtoto anayesinzia kila mara, anayekonda, aliye na homa, aliyepauka viganjani au anayekosa pumzi akipanda mlima, mlete kituo cha afya apimwe kwanza. Na ukiona kijana anadanganya juu ya pesa, anakopa, au anasema hataki kuishi baada ya kupoteza pesa kwenye kubeti, usimwache peke yake na usimcheke. Mlete siku hiyo hiyo. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukuelekeza.

Leo jioni fanya kitu kimoja tu. Muulize mtoto wako, bila hasira, "Jana ulilala saa ngapi?" Halafu nyamaza umsikilize.

Ni mimi muuguzi wenu. Tukutane wiki ijayo saa kama hii. Mbarikiwe, na mlale mapema.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekewe video. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

2. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Mechi ya usiku wa shule aione kesho yake kwa marudio.

3. Simu ilale kwa mzazi. Badilisha namba ya siri ya simu na ya M-Pesa.

4. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Angalia salio, Fuliza na ujumbe uliofutwa.

5. Mzee mwenye presha ameze dawa kwa wakati siku ya mechi. Kifua kikibana, hospitali mara moja.

6. Ukipigwa nyumbani piga 1195. Mtoto akiumizwa piga 116.